Bei Niliyoisoma Viatuni

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenikuta nyuma ya meza ya keki, tena mimi sikuwa nikimtafuta!

Mnanijua, mimi Mama Rebeka wa hapa Makambako. Kuoka nilijifunza Njombe, jikoni kwa Mzungu mmoja. Mume wangu alipofariki nikaanza kuoka mwenyewe, sufuria juu ya makaa na makaa mengine juu ya kifuniko, nikiuza pale malori yanapopumzika. Ndugu zangu, nilikuwa na hofu! Wanangu wameshiba, lakini mimi nawaona tayari wanalala njaa kesho. Hofu hiyo ikanifundisha ujanja. Mteja akija simtazami usoni, namtazama miguuni. Mwenye viatu nampandishia bei. Asiye na viatu namkatia kipande chembamba, na uso nimeukunja. Nami nikajiona mwerevu!

Siku moja akaja Baba Tabita, kibarua wa kukata miti ya miwati kutoka Wanging'ombe. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Kamwene, mama. Naomba keki ya harusi, hata ikiwa ndogo."

Miguuni alikuwa na viatu vyeusi vinavyong'aa. Nikasema shilingi sita. Keki ile haikuzidi tatu, Mungu ni shahidi! Akashukuru, akaondoka.

Baadaye nikashuka mtoni kuchota maji. Nikamkuta ameketi juu ya jiwe, viatu amevivua, anavifuta kwa majani. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka vibaya.

"Ni vya mwalimu wetu, mama," akaniambia. "Nimetembea pekupeku, nikavivaa hapa mtoni. Niliona si adabu kuagiza keki ya mwanangu miguu mitupu. Nina shilingi tatu tu."

Ndugu zangu, nililia! Mtu amevaa viatu ili aniheshimu, nami nimemtoza faini kwa heshima yake! Nikamwambia nitampa keki bure. Akachukia.

"Mimi si ombaomba, mama. Nipe ya shilingi tatu, lakini iwe ya shilingi tatu kweli."

Nikapiga magoti palepale kwenye matope nikatubu, ndoo ikanimwagikia maji yote. Hapo Bwana aliivunja ile hofu! Nikarudi nyumbani, nikapima unga, mayai, sukari, makaa na jasho langu, nikaandika bei kwa chaki ukutani. Bei moja kwa karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na kwa mkata miwati. Mwenye senti chache namwokea kwenye mikebe midogo ya maziwa, unga uleule, mayai yaleyale, apate keki nzima ya kumpelekea mkewe. Wenzangu sokoni walinicheka wakasema nitafilisika. Sirudi nyuma! Na wanangu wanakula.

Siku ya harusi viatu vilikuwa miguuni kwa mwalimu mwenyewe. Baba Tabita akasimama pekupeku mbele ya wageni wote, akaikata keki aliyoilipia, na kipande cha kwanza akaniletea mimi. Niliona aibu, nikafurahi, nikakila chote.

Namshukuru Mungu! Nawe unayeiogopa kesho hadi unamwonea jirani yako, mtumaini Bwana, hajamtupa mjane huyu. Na Jumamosi njooni mezani kwangu. Njooni na viatu, njooni pekupeku. Sitatazama chini.