Nilivyoomba Chuo kwa Bei ya Kuanzia

Nawasalimu: chamgei nyote, na wale wa kwetu Wakikuyu, muriega. Nimepewa dakika tano za ushuhuda. Wanaonijua kule sokoni Sotik wanajua nitaomba kumi.

Mimi ndiye msichana wa viazi, na mama yangu ndiye yule asiyepunguza bei. Leo nimesimama kuwaambia vile nilivyoanguka nikitafuta chuo ng'ambo, na vile Mungu aliniinua kwa mikono ya watu, wengine wamekaa hapa hapa.

Nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri, lakini karo ya chuo hatukuwa nayo. Nikasikia kuna vyuo vya nje vinavyomlipia mwanafunzi kila kitu, vikimpenda. Meza ya Mama imetulisha, siidharau, lakini nilitaka kusoma mpaka nichoke. Nikaenda saiba, nikalipia kompyuta, nikafungua fomu.

Ndugu zangu, mtoto wa soko ana akili yake. Kitu unachotaka kuuza hamsini, unataja mia. Mnunuzi anajua, wewe unajua, mnakutana katikati na hakuna aliyeibiwa. Nikadhani fomu nayo ni hivyo. Niliwahi kuimba kwaya; nikaandika kiongozi wa kwaya. Tulipanda miche siku moja na darasa letu. Nikaandika mwanzilishi wa chama cha mazingira. Kwenye insha nikaahidi kubadilisha Afrika nzima. Nilijua watapunguza, wabakishe hata Bomet yetu peke yake.

Hawakupunguza. Chuo kimoja kiliniita kwa simu ya video, na mama mmoja mpole akaniuliza, "Katika kwaya yako, nani alikuwa mgumu kumwongoza?"

Nilinyamaza mpaka akadhani mtandao umekatika. Nikamwacha adhani hivyo.

Vyuo vyote vikakataa. Nilihesabu zile barua pepe, nikazihesabu tena, labda moja imejirudia. Wapi! Mama akaniambia, "Jaribu mwaka mmoja tena. Ikikataa, hii meza ni yako, na hakuna kulia mbele ya wateja."

Nikaenda Kapkatet kwa mwalimu aliyenifundisha Kiingereza. Alisoma fomu yangu yote, akaniangalia.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mwalimu. Lakini hiyo ni bei ya kuanzia."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akaacha kucheka. "Msichana wangu, huko hakuna mtu wa kukuambia punguza. Wanakuamini au hawakuamini. Hebu niambie, jana ulifanya nini?"

"Niliuza viazi."

"Na nini kingine?"

"Nilitafsiria watu. Lakini hiyo si kitu, natafsiri kila siku."

Mnajua soko letu, wanunuzi wanatoka Bomet na wengine upande wa Kisii. Nyumbani tunaongea Kikuyu. Hizo lugha nyingine, Kikipsigis na Kikisii, niliziokota pale mezani. Nikamsimulia juu ya nyanya mmoja mzee, Mkisii, anayeuza ndizi karibu nasi. Mteja alikuwa amesema kwa Kikipsigis kwamba ndizi zake ni nyembamba kama vidole vya mtoto mgonjwa. Nyanya akanigeukia, "Anasemaje?" Nikamwambia, "Anazisifu, anauliza tu kama kuna kubwa kidogo." Akatoa mkungu mwingine, wakauziana, wakaagana vizuri.

"Andika hiyo," mwalimu akasema.

"Hiyo, mwalimu? Hiyo hata bure mtu hachukui!"

"Andika hiyo hiyo, na usiongeze hata ndizi moja."

Niliandika, akakata, nikaandika tena, miezi ikapita. Nikagundua fomu ina nafasi ya kutaja kazi unazofanyia familia yako. Mwaka wa kwanza niliiruka, nikidhani ni mtego. Ada ya maombi niliomba nisamehewe, nikasamehewa. Na barua ya kunipendekeza, mwalimu hakuandika kwamba nina nidhamu. Aliandika juu ya siku niliyobishana naye darasani nikamshinda.

Siku ya mahojiano ikafika, chuo kingine sasa. Mama mmoja wa maziwa alinipa chumba chake chenye intaneti, akafukuza kuku wote uani wasinipigie kelele. Kwenye simu akatokea mzee, kwao bado asubuhi. Swali lake la kwanza: "Yule nyanya wa ndizi, aliwahi kujua mteja alisema nini kweli?"

Ndugu zangu! Mtu huyu hajawahi kusikia jina la Sotik. Ana marundo ya fomu za watoto wa dunia nzima. Lakini ameamka kwao, amekunywa chai yake, na bado ana wasiwasi juu ya nyanya wa ndizi! Mpaka leo nikifikiria hilo, nywele zinanisimama.

Nikamjibu jinsi ilivyokuwa. "Alijua. Nilimuuliza baadaye, akasema anasikia Kikipsigis kuliko mimi. Alitaka tu kuona nitasema nini."

Mzee akacheka, akaandika kitu.

Jibu lilipokuja kwamba nimechukuliwa, Mama aliniambia nimsomee mara mbili.

"Masomo?"

"Wanalipa."

"Kulala?"

"Wanalipa."

"Kula?"

"Wanalipa, Mama. Na ndege."

Akakaa juu ya gunia. Akayahesabu yote kwa vidole. Halafu akasema, "Waulize kama kuna koti. Huko ni baridi."

"Mama, jamani! Wameshatoa yote hayo!"

"Wewe uliza."

Nikauliza. Wakaongeza koti na viatu.

Kongoi mising, asante sana, mwalimu wangu. Kongoi, mama wa maziwa, na nyinyi mlioniombea bila kuniuliza nimefika wapi. Na nyinyi vijana mliokaa nyuma, yale mnayofanya kila siku mkiona si kitu, yaandikeni vile yalivyo. Kuna mtu mbali sana atayasoma yote, na atataka kujua nyanya aliendeleaje. Mpaka nisafiri niko pale mezani. Leteni insha zenu, nitazisoma bure. Viazi ndivyo vya kulipia.