Malkia na Mjukuu wa Shangazi Yake

Kwenye treni ya mjini, Pius alisimama nyuma ya mstari wa sakafuni unaotenga behewa la wanawake, lakini masikio yake yalikuwa yameshavuka. Eseza, Mganda anayeonyesha watu viti kwenye jumba la opera, alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, yaya wa kutoka Tanga aitwaye Mwanamkasi, habari za malkia wawili wa zamani walioimbiana matusi jukwaani jana.

"Akamkata kichwa? Mjukuu wa shangazi yake mwenyewe?" Mwanamkasi alishika kifua. "Yeye alitia saini hati tu, dada," Eseza akajibu. "Wengine ndio walikata." "Na watazamaji?" "Walisimama, wakapiga makofi. Kisha marehemu akarudi, akashikana mkono na aliyemwua, wakainama pamoja." Pius alishindwa kuamua lipi baya zaidi.

"Subhanallah," akasema Mwanamkasi. "Mimi mtoto wa mama mdogo yuko hapo mtaa wa Garhoud, mwaka wa tatu hatusemeshani, lakini kumwua siwezi. Na yeye ndiye aliyeanza."

Eseza alimtazama. "Hata yule malkia aliyetia saini aliimba hivyo hivyo."

Treni ikasimama kituo cha Al Jaddaf. Mwanamkasi akashuka bila kuaga, na ndipo Pius akakumbuka kwamba alipaswa kushuka Oud Metha, vituo viwili nyuma.