Bi Mizani na Kikombe cha Tuliyoyasahau

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha usanifu cha kiwanda chetu, Bi Mizani anastaafu. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye faili la utumishi, na huko ndiko lilikobaki. Hata mkurugenzi akimwita kwa jina hilo, watu hugeuka kumtafuta mgeni.

Wahariri wa jarida letu la kiwanda wameniomba mimi niandike kwa sababu nilikuwa mkuu wa kitengo siku alipoajiriwa, na pia, nadhani, kwa sababu waliona wakichelewa watamkosa mwandishi. Hawakukosea. Umri umekwenda na pumzi ni fupi, lakini kumbukumbu yangu bado haijastaafu.

Alipofika kwetu, malighafi ilichaguliwa kwa njia moja tu: mwenye sauti kubwa alishinda. Mmoja anasema chuma, mwingine anasema alumini, chai inapoa, na mwisho tunatumia kile tulichotumia mwaka uliopita. Bi Mizani alivumilia mikutano michache, kisha akasema kwa adabu zote kwamba hata mtu anayenunua viatu huangalia mambo zaidi ya moja. Akachora jedwali ubaoni. Malighafi zikapangwa upande wa kushoto, vigezo vikapangwa juu: nguvu, wepesi, kutoshika kutu, urahisi wa kusafisha, bei. Kila malighafi ilipata alama zake katika kila kigezo, na kila kigezo kilipewa uzito wake, maana mambo hayalingani umuhimu. Unazidisha, unajumlisha, unalinganisha.

Ugomvi ulikuwa kwenye uzito. Nani aseme kama nguvu ni kubwa kuliko bei? Hapo ndipo alipoleta vikombe vya chai. Kila kigezo kilikuwa na kikombe chake nyuma ya pazia, na kila mjumbe alipewa nati kumi azigawe apendavyo, akiingia peke yake bila kuonwa; idadi ya nati kikombeni ndiyo iliyokuwa uzito wa kigezo. Tena tulizigawa kabla hajatutajia malighafi zinazoshindanishwa, ili mtu asiibebe anayoipenda. Mwisho wa mstari palikuwa na kikombe kisicho na jina. Hicho kilikuwa cha tuliyoyasahau. Ukiona jambo limeachwa, unaliandika kwenye kipande cha karatasi na kukitia humo pamoja na nati zako.

Tulimcheka. Fundi mkuu wa karakana, mtu wa maneno, alimuuliza mbele za watu kama mumewe naye alipatikana kwa nati.

"Ndiyo, mzee wangu," akajibu bila kuinua macho. "Walikuwa wanne. Kwenye kutoshika kutu akawashinda wote."

Tangu siku ile fundi mkuu alikuwa wa kwanza kuingia nyuma ya pazia.

Hakuwa malaika. Miaka ya baadaye, katika kazi ya viti vya magurudumu, aliweka "wepesi" kwenye kikombe kimoja na "urahisi wa kusukuma" kwenye kingine. Alumini ikashinda kwa kishindo. Siku ya tatu, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, akajipiga kofi kwenye paji la uso: kiti chepesi ndicho kinachosukumika, kwa hiyo jambo moja limepimwa mara mbili! Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaanza hesabu upya. Kila kijana wa mafunzo aliyepita mikononi mwake alifundishwa kosa hilo kwanza, jedwali baadaye.

Lakini kazi ninayotaka ikumbukwe ni ya mwaka wake wa kwanza, alipokuwa bado kwenye muda wa majaribio. Tulitakiwa kuchagua malighafi ya mbavu za vitanda vya hospitali, yaani vile vizuizi vya pembeni vinavyomzuia mgonjwa asianguke. Mkurugenzi wa wakati huo alikuwa amechoshwa na vikombe. Alitangaza mbele yetu sote kwamba kazi ikichelewa kwa sababu ya mchezo huu wa watoto, vikombe vitarudi jikoni, na mwenye vikombe atakwenda kupanga michoro stoo.

Vikombe vikamwagwa. Kile kisicho na jina kilikuwa na nati kumi, zote za mtu mmoja, na karatasi yenye neno moja: kelele.

Chumba kizima kiliangua kicheko. "Huyo anatania," mkurugenzi akasema. "Zimwage hizo, tuendelee."

Bila nati hizo, chuma kisichoshika kutu kilikuwa kimekwisha kushinda. Bi Mizani alihitaji kuweka saini tu na kibarua chake kingekuwa salama. Alikishika kile kikombe kwa mikono miwili.

"Bosi, nikizimwaga hizi leo, kesho utaniambia nimwage zipi?"

"Unajua unachezea nini?"

"Najua. Nakuomba siku mbili."

Alizipata kwa shingo upande. Akaenda wodini, na muuguzi wa zamu akampokea kwa swali: "Kumbe ninyi ndio mnaotuundia haya makengele?" Kila ubavu wa chuma uliposhushwa, vitanda sita viligutuka. Alishinda huko akisikiliza. Aliporudi aliongeza kigezo cha kelele, akatueleza aliyoyasikia, akatupa nati tuzigawe upya. Safari hii hakuna aliyecheka. Chuma kikashuka, na plastiki ngumu iliyokuwa ya tatu ikapanda juu.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kuamini jedwali. Aliamini masikio yake. Akateremka karakana, ambako mafundi walikuwa wametengeneza ubavu mmoja wa kila aina. Aliachia ubavu wa chuma, mafundi wakaziba masikio. Akaachia wa plastiki, akasubiri. Akasubiri tena.

"Haujashuka bado?" akauliza.

Kilichosikika siku ile ni vicheko vyetu tu. Mkurugenzi naye akacheka, akamgeukia Bi Mizani: "Basi, stoo tutafute mtu mwingine." Wiki hiyohiyo Bi Mizani akathibitishwa kazini.

Tangu hapo kiwanda kizima kimebishana ni nani aliyetia nati kumi. Wengi walimtaja mtunza stoo, naye hakuwahi kukana; alizipokea pongezi kwa unyenyekevu mkubwa. Sasa niseme, maana siri hii nikienda nayo kaburini itanipigia kelele huko. Ni mimi.

Mama yangu alikuwa amelazwa wodi ile. Kila ubavu uliposhushwa alishtuka na kuniuliza, "Mwanangu, mkeo kaangusha sufuria tena?" Na mke wangu, aliyeketi palepale kando yake, alijibu kila mara, "Si mimi, mama." Nami mkutanoni nilikuwa mkuu wa kitengo, niliyewahubiria wenzangu kwamba mhandisi haleti ya nyumbani mezani. Ningesemaje? Kikombe kile kilinipa mahali pa kusema.

Vitanda vya majaribio vilipoingia wodini, mama alikuwa bado yupo. Akalala, usingizi wa haki. Alipoamka alikuwa na lalamiko moja tu: kwamba siku hizi mkwe wake hapiki.

Leo hakuna kitengo kiwandani kinachochagua malighafi bila jedwali la Bi Mizani, iwe kwa mabomba, madawati au milango. Vijana aliowafunza wanaongoza vitengo vyao, na wanabishana vizuri kuliko tulivyobishana sisi. Mumewe anasema bado hajashika kutu.

Bi Mizani, mdogo wangu, ungezimwaga nati zile asingekuwapo wa kukulaumu. Ulikuwa huna hata uhakika kama aliyezitia ana akili timamu. Hukuzimwaga, na mzazi wangu akapumzika. Asante. Sote tunakuombea mapumziko marefu yenye afya, wajukuu wengi, na majirani wanaofunga milango taratibu.