Si Malaika Aliyeishika Ngazi Yangu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe hata na mtu aliyesimama kujisahihisha. Naitwa Elia. Wengi mnanijua, mimi ndiye ninayepanga viti hapa ukumbini kila Jumapili kabla hamjafika. Leo sikuja na ushuhuda mpya. Nimekuja kuurudia ule wa wiki tatu zilizopita, kwa sababu niliusema vibaya, na kuna ndugu yetu mmoja anaweza kuumia kwa ajili yake, pengine kesho.

Mnaukumbuka. Nilisimama hapa hapa nikasema kwamba nikiwa juu ya ngazi kule Stanmore, nasafisha madirisha, ngazi iliteleza kwenye barafu na mkono usioonekana ukaishika. Nikasema ni malaika. Nikasema pia kwamba kabla ya kupanda nilikuwa nimeipaka ngazi mafuta ya upako. Mkapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Ndugu zangu, barafu ilikuwepo, ngazi iliteleza, na mafuta kweli nilipaka. Lakini mkono ulionekana vizuri sana. Ulikuwa umevaa saa ya kizamani, na kidole kimoja kilikuwa kinavuja damu.

Jumapili iliyopita, tukiwa tunakunywa chai baada ya ibada, alinijia Zakayo. Yeye naye husafisha madirisha, upande wa Hayes, na tangu mwenzake alipopata kazi ya ghala karibu na uwanja wa ndege yuko peke yake. Akaniambia, "Kaka Elia, ushuhuda wako umenitoa hofu. Nilikuwa natafuta mtu wa kunishikia ngazi, sasa nimeacha. Nimenunua mafuta, napaka miguu ya ngazi kama wewe, napanda mwenyewe." Alikuwa anatabasamu. Nilitaka kumwambia ukweli pale pale, nikaona watu wamejaa, nikaona aibu, nikamjibu, "Mungu ni mwema." Neno lenyewe ni la kweli, lakini limenichoma wiki nzima.

Niwaeleze tangu mwanzo, mjue nilivyokuwa. Mimi nimekulia Dodoma. Barafu nilizozijua ni zile za ukwaju, za kunyonya, zilizofungwa kwenye vifuko vya nailoni. Sikujua kuna barafu inayolala juu ya mawe kimya, haina rangi, unaitazama na huoni kitu. Nilipofika hapa London nilihangaika na kazi za hapa na pale, mpaka nikapokewa na mzee mmoja wa Kipemba, jina lake Khamis, ambaye wote tunamwita Ami. Ami aliondoka kwao baada ya mapinduzi, akiwa bado kijana, na kwa miaka mingi sasa mikono yake iko kwenye ndoo ya maji. Wateja wetu wengi ni Wahindi wa Stanmore waliozaliwa Moshi, Kisumu, Kampala. Wanapenda kuoshewa madirisha na watu wanaoweza kupiga nao soga kwa Kiswahili.

Ami ni mtu wa taratibu na mimi ni mtu wa haraka. Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wetu wote. Siku ya baridi akifika kwa mteja hatoi ngazi kwanza. Anazunguka nyumba akikanyaga chini kwa kisigino. Penye barafu anamwaga chumvi ya mawe, anangoja, kisha anamwaga mchanga mkavu. Mteja akileta birika la maji moto amsaidie kuyeyusha, Ami humzuia, maana maji hayo yatayeyusha sasa na baada ya muda mfupi yatakuwa barafu mpya. Anafuta soli za viatu vyake kwa tambara kabla ya kupanda, na vipandio vya ngazi kwa tambara jingine. Akimaliza dirisha moja anashuka kutazama chini, kwa sababu maji yetu wenyewe huchuruzika ukutani yakaenda kuganda penye miguu ya ngazi. Ukiwa juu hunyooshi mwili ukatoka nje ya ngazi. Yeye husema kitovu kikae katikati ya miti miwili ya ngazi, ukitaka kufika mbali shuka uihamishe. Na hakuna kupanda bila mtu chini, hata kwa kidirisha cha choo.

Mimi nilimwona mwoga. Tena zaidi ya hapo, ndugu zangu, nilimwona hana imani. Nilijisemea moyoni kwamba huyu hamjui Yesu, ndiyo maana anahangaika na chumvi na mchanga. Basi nikaanza na mafuta. Kila Jumatatu nilichukua ile chupa ya mafuta ya zeituni tuliyoiombea hapa, nikapaka vipandio vya ngazi na zile raba zinazovishwa miguu yake isiteleze. Siku ya kwanza Ami alipoishika ngazi, baridi ilikuwa imeyagandisha mafuta yamekuwa meupe.

"Nani kaipaka ngazi samli?" akauliza.

Nikamweleza kuwa ni upako, ni kwa ulinzi wetu sote wawili.

"Basi n'kwambie, mwanangu. Jipake kichwani upate baraka zako. Vipandio niachie mie."

Akachukua sabuni akaviosha, na raba akaziosha. Nilinuna mpaka jioni. Tangu siku hiyo nikawa napaka miguuni tu, tena kwa siri, baada ya yeye kumaliza kukagua. Mtu mzima namficha mzee mafuta!

Siku yenyewe tulikuwa kwa Bi Hansa, mama mmoja mjane aliyezaliwa Moshi. Alikuwa anangoja wageni wa harusi na alitaka nyumba ing'ae. Mbele tulimaliza vizuri. Nyuma ya nyumba yake jua halifiki wakati wa baridi, na uani kumetandikwa mawe laini. Ami alimwaga chumvi na mchanga chini ya dirisha la kwanza, akaifunga ngazi kwa kamba kwenye nguzo ya chuma ya kuanikia nguo, nikapanda, yeye akaishika. Nikaosha, nikashuka salama. Likabaki dirisha moja tu la ghorofani. Hapo saa ya Ami ikalia. Ilikuwa adhuhuri.

"Hebu nisali, sichelewi," akasema. "Usipande mpaka nije. Hapo kwenye la pili sijapamwagia kitu."

Bi Hansa akamtandikia shuka safi ndani ya chumba chake cha vioo kinachotazama ua. Mimi nikabaki nje, vidole vya miguu vinauma kwa baridi. Ndugu zangu, zilikuwa dakika kumi tu. Nikawaza, yeye anasali, na mimi nasali, kuna tofauti gani? Nikafungua kamba. Nikahamisha ngazi. Nikatoa kichupa changu mfukoni nikapaka raba zote mbili, nikasema sala fupi, nikapanda.

Nilikuwa nimenyoosha mkono kuifikia kona ya mbali ya kioo, kitovu kiko nje kabisa, niliposikia raba inakwaruza jiwe. Ngazi ikaanza kwenda. Haikuanguka ghafla. Ilikwenda taratibu, na hiyo ni mbaya zaidi, maana unapata muda wa kuelewa. Chini yangu palikuwa na mawe matupu. Nilimwita Yesu, hilo ni kweli, sikuliongeza. Kisha ngazi ikasimama kwa kishindo.

Nikatazama chini. Ami alikuwa amelala kifudifudi kwenye barafu, pekupeku, kofia imemtoka. Mguu mmoja wa ngazi ulikuwa umemkita begani. Wa pili ulikuwa umembana kidole kwenye tofali la ukingo wa bustani. Alikuwa amesikia ile raba kupitia kioo, akaikata sala yake katikati, akatoka mbio akajitupa chini ya ngazi.

"Shuka," akasema. "Polepole. Usiruke."

Nikashuka kipandio kimoja kimoja, na kila kipandio nilichokanyaga uzito wangu ulimwendea yeye begani. Nilisikia anavyohema. Nilipogusa chini nikaiondoa ngazi begani mwake. Bi Hansa akatoka na mfuko wa njegere kutoka kwenye friza, akamfunga nao mkono, akanigeukia mimi. "Elia, mzee alikuwa anasali. Hukuweza kungoja?" Nikakimbia kuwasha gari.

Hospitalini wakasema kidole cha pete kimevunjika mahali pawili. Tulipotoka akaniomba nisiwashe gari kwanza. "Ile sala yangu niliikata njiani, n'irudie." Akasali kwenye kona ya maegesho, mkono umefungwa bendeji. Mimi nilikaa kwenye usukani namtazama. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu ni zima. Aliyevunjika ni mkuu.

Jumapili ile nikaja hapa. Nilikusudia kusema tu kwamba nimenusurika, kisha nikae. Lakini nilipoanza mkaitikia amina, na amina zenu zina utamu wake. Kama ningesema niliokolewa na mzee Mwislamu aliyeacha sala yake kwa sababu ya ubishi wangu na mafuta yangu, ningeonekana mpumbavu. Nikisema malaika, naonekana mtumishi. Nikachagua. Hakuna aliyenilazimisha, wala sikuteleza ulimi. Kumbukeni Yesu alipoambiwa na shetani ajirushe kutoka juu ya hekalu, kwamba malaika watamdaka. Alikataa. Mimi nilijirusha, na nilipodakwa nikamnyang'anya aliyenidaka sifa yake.

Juzi nilikwenda nyumbani kwa Ami nikamweleza yote, mafuta ya siri, ushuhuda wa uongo na habari za Zakayo. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe mie malaika! Hebu mwambie mke wangu, maana yeye hana habari."

Akawa anakisugua kile kidole, ambacho sasa hakikunjiki. Hawezi tena kukamua tambara, mimi ndiye ninayemkamulia. Akaniuliza, "Na huyo Zakayo wenu, lini anapanda tena?"

Nikamwambia Jumatatu.

"Na wewe umekaa hapa wanywa chai yangu?"

Nikampigia Zakayo simu pale pale. Nikamwambia, ndugu yangu, usipande, yale niliyosema si kweli. Mnajua alinijibu nini? "Kaka, shetani anakujaribu uukane ushuhuda wako. Simama imara." Akaniombea, kisha akakata simu. Simlaumu. Mimi ndiye niliyempa imani hiyo, na ameishika kuliko mimi. Ndiyo maana nasema mbele yenu nyote leo, asipatikane tena wa kusema kwamba ni shetani ananijaribu.

Namshukuru Mungu. Aliniokoa na yale mawe ya Bi Hansa, na leo hii, nikiwa nimesimama hapa, ananiokoa na ule uongo. Bado naomba kabla ya kupanda. Naomba nikiwa nafuta soli za viatu. Mafuta yangu napaka kichwani, kama nilivyoambiwa. Na asubuhi yenye barafu nikikanyaga chini kwa kisigino nikaona panateleza, namwambia mteja leo hapana, tutarudi jua likishafika. Wengine hukasirika. Wanapoa.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu. Hashindwi kutuma malaika. Lakini akikuletea mtu mwenye chumvi na kamba, usimfukuze eti unangoja mwenye mabawa. Nilikaa miaka mitatu karibu na jibu la sala zangu na nilikuwa namwita mwoga.

Zakayo, ndugu yangu, nakuona pale safu ya tatu. Wamesema usiku huu itaganda, na asubuhi kutakuwa na barafu kila mahali. Nakuomba kesho usipande mpaka tufike. Ami amesema gari letu litapita Hayes kabla ya kwenda kwa mteja wetu yeyote. Tutaiosha hiyo ngazi kwa sabuni, miguu na vipandio, kisha nitakaa chini nikushikie mimi mwenyewe, dirisha kwa dirisha, mpaka umalize. Na Jumanne hivyo hivyo, mpaka upate mwenzako. Mafuta yaliyobaki mpelekee shemeji akaangie samaki.

Najua uliniambia nisimame imara. Hapa ndipo niliposimama. Sitaki uniitikie amina, nimeshakula amina zangu nyingi. Nataka unijibu tu mbele ya hawa watu. Utatungoja? Kama utatungoja, inua mkono.

Naona umeinama. Nina muda, sina haraka leo.

Haya. Asante, ndugu yangu. Mkono nimeuona.