Mawese Niliyoyamwaga kwa Siri

Bwana asifiwe! Leo hata sufuria yangu imekuja kumusifu. Ni ile pale kando ya mulango, bado iko ya moto.

Ndugu zangu, munanijua. Mimi Mama Bahati ni mutu wa kuuliza-uliza. Kitu kikifunikwa tu, mukono wangu unawasha! Lakini jambo moja sikuliuliza hata siku moja: lengalenga, mboga yetu ya majani, yenyewe ina ladha gani? Sikujua. Kwetu mboga ilikuwa inaogelea katika mafuta ya mawese. Mugeni akikaa mezani, anatazama kwanza kama sahani iko nyekundu juu. Kama haiko nyekundu, atasema mama wa nyumba ni muchoyo, ao hapendi mume wake.

Basi Baba Bahati, mume wangu, akaanguka ofisini, pale biro, mashine ya kuandika mbele yake. Dokta akamupima, akasema tansio, presha ya damu, iko juu sana. Akanigeukia, akaniita kama walivyoita wanamuke wakati ule: "Citoyenne, chumvi upunguze, na mafuta uache kabisa. Ama sivyo utabaki mujane."

Nikaitika, nikapika bila mafuta. Lakini mama mukwe alikuwa ameshuka kutoka Masisi kuangalia mutoto wake! Nikaogopa. Atasema ninamunyima mutoto wake chakula, naye ni mugonjwa. Basi kila siku, nikibaki peke yangu jikoni, nilimwaga kijiko kikubwa cha mawese juu ya kila sahani, hata ile ya Baba Bahati. Ya kuonekana tu! Alikula, akashukuru. Halafu siku moja akaanguka tena, mara hii nyumbani, akashindwa hata kuita jina langu.

Ee Mungu! Watu hawakujua, lakini mimi nilijua ni mukono gani ulimuangusha. Nikapiga magoti juu ya mawe meusi ya kiwanja chetu, nikalia: "Bwana, muache aishi! Uniokoe na huu woga wa macho ya watu!"

Mungu alisikia. Siku ya tatu Baba Bahati akaniita jina langu. Nikaenda moja kwa moja kwa mama mukwe, nikamuwekea chupa ya mawese mukononi, nikamuambia yote. Alivuta kiti kidogo, akakaa jikoni, akanitazama.

Na mimi nikaanza kuuliza sufuria. Kitunguu na tomati peke yao zitafanya nini? Nikatia maji kidogo, kikombe kimoja tu, nikafunika, moto wa makala kidogo kwenye jiko la babula. Nikafunua: kumbe tomati zimetoa maji yao zenyewe! Nikaongeza karoti, biringanya na puaro, ile ya majani marefu kama kitunguu. Harufu ile ilikuwa inatoka wapi? Mwisho lengalenga, kwa muda mufupi, ikabaki kijani. Nikaonja. Ndugu zangu, iko tamu! Miaka yote nilikuwa ninaifunika na mafuta.

Mama mukwe akaonja, akaweka kijiko chini. Nikasema moyoni, leo imekwisha kwangu.

"Mama Bahati, nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu, mama."

"Kwetu juu milimani muti wa mawese haumei. Nilipokuwa mutoto, mama yangu alikuwa anapika hivi hivi." Akajipangusa macho. "Mawese yako yalikuwa yananichoma tumbo kila siku. Nilikula tu, usione haya mbele yangu."

Munasikia? Mimi ninamwaga kwa kumuogopa yeye. Yeye anakula kwa kunihurumia mimi. Na katikati yetu mwanaume alikuwa anakufa!

Baba Bahati, simama watu wakuone! Asante Yesu! Wewe unayeficha jambo kwa kuogopa macho ya watu, mukabidhi Bwana leo, hatakuaibisha. Na mukitoka, mupite pale mulangoni. Vijiko nimeleta. Mama mukwe mwenyewe ndiye atawapakulia.