Miche Thelathini na Miwili ya Mama Atija

Wasikilizaji wapendwa, Alhamisi iliyopita mkutano wa kijiji haukuanza. Wazee walikuwapo, mhandisi wa gesi alikuwapo. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, kiti cha mkalimani. Sufo Cassimo alikuwa amefariki alfajiri, kwa maradhi ya figo. Tulimzika baada ya adhuhuri.

Sufo alikuwa mwalimu wa Kireno hapa Palma. Gesi ilipogunduliwa baharini, wageni walihitaji mtu wa kuwatafsiria. Wakamchukua yeye.

Mwaka 2013, mhandisi alisimama akasema waziwazi: "Mashamba haya yatachukuliwa. Msipande miti tena." Sufo akatazama mbele. Alikuwapo mama yake mkubwa, Atija, aliyemlea tangu mdogo. Kwetu mkubwa haambiwi habari mbaya hadharani. Huendewa nyumbani, akasalimiwa, akaambiwa polepole. Sufo akaona atamwendea jioni. Pale mkutanoni akatafsiri hivi: "Wageni wanasema suala la mashamba bado linazungumzwa. Tuwe na subira."

Watu wakapiga makofi.

Jioni Sufo akamkuta Mama Atija ana wageni wa ukoo. Akaahirisha. Kesho yake akaitwa kutafsiri katika vijiji vya mbali, kwa wiki tatu. Aliporudi, Mama Atija alikuwa amepanda minazi. Miche thelathini na miwili. Nasema tena, thelathini na miwili, na maji ya kuimwagilia aliyabeba kichwani.

"Mama mkubwa, shamba litachukuliwa."

"Nani kasema?"

"Mhandisi. Siku ile ya mkutano."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilisimama karibu naye."

"Basi mdomo wako ulikuwa safarini! Ungeniambia palepale ningelia, kisha ningepumzisha mgongo."

Tangu siku hiyo hakuhudhuria mkutano wowote, wala hakuitikia salamu ya Sufo.

Sufo akabadilika. Alitafsiri sentensi moja moja, kisha akamwuliza mtu: "Umesikia nini? Hebu niambie." Vijana walimtania: "Mwalimu katurudisha darasa la kwanza!" Alicheka, akauliza tena. Binti yake, Wahida, anakumbuka: "Baba alifanya mazoezi nyumbani. Nikimwambia, baba, hapo umezunguka, anaanza upya."

Kila Idi alikwenda mlangoni kwa Mama Atija kuomba radhi. Kila Idi mlango ulibaki kimya.

Siku ya maziko nilikaa karibu na mama huyo. Alisema kwa sauti ndogo: "Nilimsamehe zamani. Sikumwambia. Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

Kwa Wahida, kwa Mama Atija na ukoo wote, tunawapa pole. Mungu amrehemu Sufo. Nawe unayenisikiliza, kama kuna neno la mtu umelishika moyoni, mfikishie leo, kwa maneno atakayoyaelewa.

Mkutano ulioahirishwa utafanyika Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wahida atatafsiri. Mama Atija ameomba awekewe kiti mbele.