Marehemu Nicodemus Ndirangu Hakufia Ndoo

Wasifu uliosomwa na dada yake, Wamuyu, makaburini Mokowe, Jumatatu tarehe 13 Mei 1968

Mhubiri, wazee wa Mokowe, majirani wa Kiislamu mliovuka kutoka Amu kuja kutuzika, na nyinyi wote mliosimama juani: huyu tunayemrudisha udongoni ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nimeombwa nisome wasifu wake kwa adabu, nisitaje watu, nisilie. Kulia sitalia. Hayo mengine mtanisamehe. Tangu jana watu wanapita dirishani kwangu wakinong'ona kwamba Nicodemus kafia ndoo, kwamba mtu wa bara hata mafuriko yakimfuata hawezi kuacha mali yake. Nasoma ili neno hilo liishie hapa, kabla hajafunikwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 katika kijiji cha Gatugi, Othaya, wilaya ya Nyeri, akiwa kitinda mimba wa mzee Ndirangu. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mto wenye maji baridi ya kuuma meno. Tangu mdogo alikuwa mbishi. Akimwona mtu ananawa miguu juu ya pale tulipoteka maji ya kunywa, alimfokea, awe mkubwa awe mdogo. Alipigwa sana kwa sababu hiyo, na hakuacha.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1942 na kumaliza darasa la nane mwaka 1950. Hesabu alizipenda. Lugha zilimshinda zote. Kiingereza alikisema kwa woga, Kiswahili alikisema kwa sauti kubwa, na mwalimu wake alimwambia kwamba sauti kubwa haisahihishi kosa. Angetaka kuendelea na masomo, lakini baba alifariki, kisha ikaja Hali ya Hatari, na kila mtu wa kwetu anajua miaka ile ilitufanya nini.

Mwaka 1956 alipata kazi ya karani wa stoo ya barabara huko Nyeri, na tarehe 4 Septemba 1961 akahamishiwa Mokowe kutunza stoo ya majembe, misumari na saruji. Siku ile ile alipofika, jirani yake Bi Alawiya, ambaye yupo hapa mbele yangu, alimwona mgeni anafua shati mlangoni, hajala, hajui pa kuanzia. Akamwita kutoka kibarazani kwake: "Ndoo ule, mwanangu! Ndoo ule!" Sasa nyinyi wenyeji hamna haja ya kufasiriwa. Kwa wale waliotoka bara jana: Mwamu, mtu wa Lamu, hasemi "njoo", husema "ndoo". Mama wa watu alikuwa anamkaribisha chakula. Nicodemus akasikia "ndoo ile". Akatazama ndoo yake ya bati, akamwaga maji ya sabuni, akaisuuza vizuri, akampelekea. Bi Alawiya alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaijaza ndoo ile mikate ya mofa, moto moto, akamrudisha nayo nyumbani. Nilipokuja kukaa naye mwaka 1962, baada ya kuchoka kupika katika hoteli za watu Mombasa, kisa hiki ndicho cha kwanza alichonisimulia, na alikisimulia kwa raha. Walikuwa wameshambandika jina la Bwana Ndoo. Yeye alidhani ni heshima.

Tarehe 20 Aprili 1963 alimwoa Nerea Kwamboka, binti wa askari aliyekuwa akilinda kituo cha Lamu. Ndoa yao ilikuwa nzuri, sina la kuongeza. Mwezi wa Februari 1964 walijaliwa binti, wakamwita Roselyn. Miaka ile watu wengi walikimbia vijiji vya ndani kwa sababu ya vita vya shifta, wakajaa hapa Mokowe, na wote walikunywa maji ya Kijito cha Mbambakofi, kwa kufukua visima vifupi mchangani. Humo humo punda walinyweshwa, nguo zilifuliwa, na wauza samaki walitupa matumbo. Roselyn alianza kuhara Jumapili. Alikufa tarehe 9 Juni 1965. Kaburi lake ni lile dogo pale, lenye kigogo cha mkoko. Msilikanyage mkirudi nyuma.

Mtu mwingine angelaani, angehama, angelewa. Nicodemus alichukua jembe Jumamosi iliyofuata, akaingia kijitoni peke yake. Alitoa makopo, vifuu, mizoga ya kuku. Alirudi ananuka mpaka Nerea akamwogeshea nje. Jumamosi ya pili akaja Bi Alawiya na ufagio wake, akasema yule mtoto alikuwa mjukuu wake pia. Baadaye akaja Bwana Ridhwani, muuza samaki, na nitasema kweli, alikuja kwa sababu Nicodemus alikuwa amemfokea mbele ya wateja kuhusu yale matumbo. Wakafuata wengine. Hakuna aliyelipwa. Walizungushia visima miiba, wakawatengea punda mahali pao chini, na waoshaji nguo mahali pao chini zaidi. Nicodemus alisimika katikati ya mkondo mti wenye alama, wa kupimia kina. Na alikuwa na sahani yangu nyeupe ya bati yenye ua jekundu, aliyoniibia jikoni. Aliteka maji kwa ndoo, akaitia sahani ndani, akainama kutazama. Ua likionekana vizuri, alisema watu wanywe. Lisipoonekana, alipita nyumba kwa nyumba akiwaamuru wachemshe, na wengi walimwambia aende akachemshe kwao. Tangu wakati huo hatujazika mtoto wa kuhara upande huu wa Mokowe. Mnalijua hilo, na hamkulisema dirishani kwangu.

Sasa nafika kwenye mchezo.

Bwana Ridhwani, usiiname. Sijamaliza.

Bwana Ridhwani ndiye aliyeubuni. Nicodemus akiwa mbali, matope kiunoni, Ridhwani alipiga kelele kutoka ukingoni: "Ndoo!" Nicodemus akija mikono mitupu, Ridhwani alisema, "Mimi nimetaka ndoo, wewe nakutakia nini?" Akirudi kuleta ndoo, Ridhwani alisema, "Loo, Bwana Ndoo! Nimekwita wewe, hiyo ndoo ya nini?" Na kikundi kizima kikaanguka kwa kicheko. Kila Jumamosi. Mtu ana matope mpaka kwenye nyusi, wanampandisha na kumshusha. Bi Alawiya naye alicheka, na mimi nilicheka, maana alikuwa akikunja uso vile vile alivyokuwa akiukunja utotoni.

Usiku mmoja, mwaka jana, alikuja mezani anatabasamu. Akaniambia, "Wamuyu, nimepata dawa yao. Kuanzia leo nikisikia ndoo, nakwenda, na ndoo nakwenda nayo. Wakinitaka mimi, nipo. Wakiitaka ndoo, hii hapa. Watacheka nini tena?" Nikamwambia hao watu hawatakosa. Lakini alishika neno lake. Tangu siku ile ndugu yangu hakuitika mwito wa kijitoni bila kwanza kwenda kuichukua ndoo, popote alipokuwa ameiacha, kisha anaiinua juu wote waione. Nanyi mkampigia makofi. Mkamfundisha hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka ikamwingia mwilini.

Kuhusu ugonjwa, kwa kawaida hapa husomwa ugonjwa wa marehemu na shukrani kwa madaktari. Marehemu hakuugua. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 11 Mei alikunywa chai vikombe viwili, akanidai vitumbua, akatoka.

Hapa Mokowe jua lilikuwa kali. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, upande wa kijiji cha Hindi, na sisi hatukujua. Nicodemus alikuwa katikati ya mkondo, karibu na ule mti wake wa kupimia, akiondoa matawi yaliyonasa. Ukingo ulikuwa karibu naye. Mtu wa miguu kama yake angetoka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Ndoo alikuwa ameitundika chini zaidi, kwenye kisiki cha mkoko. Mimi nilikuwa juu ya ukingo, nyuma ya vichaka, nasugua ile sahani.

Bi Alawiya ndiye aliyeyaona maji kwanza, yanakuja mekundu, yamebeba miti. Akapiga ukelele wa lugha aliyozaliwa nayo: "Mai! Ndoo! Ndoo!" Maji! Njoo! Angesema nini kingine? Mtu mwenye hofu hatafuti maneno ya bara. Na Nicodemus akasikia maji, akasikia ndoo, maneno aliyoyasikia kila Jumamosi wakati wa kupima. Akageuka. Akaupa ukingo mgongo, akateremka kwenye kisiki kwenda kuichukua.

Mkacheka.

Nilikisikia kicheko kile nikiwa kule nyuma ya vichaka, nikasema moyoni, haya, wameshaanza, na nikaendelea kusugua. Nilijua kwamba watu wakicheka basi hakuna baya. Bi Alawiya ameniambia mwenyewe kwamba yeye alikuwa bado anaita, na kadiri alivyoita ndivyo yule alivyoharakisha kwenda kusiko. Bwana Ridhwani alikuwa ameshika magoti kwa kucheka, mgongo wake umeelekea yanakotoka maji. Nicodemus akaifikia ndoo. Akaitungua. Akawageukia, akaiinua juu kwa mikono miwili, meno yote nje, ili muone kwamba safari hii pia hamkumpata. Maji yakamchukua akiwa hivyo.

Ndoo ilionekana jioni ile ile, imenasa kwenye mikoko, nzima, haina hata tundu. Yeye mwenyewe alionekana Jumapili adhuhuri. Bwana Ridhwani ndiye aliyeingia matopeni kumtoa, na ndiye aliyembeba. Hilo nalo nalisema kwa sababu ni kweli. Lakini askari alipomuuliza ilikuwaje, alijibu, "Alirudi kuchukua ndoo." Askari akaondoka na hayo. Kabla ya magharibi Mokowe nzima ikawa na hadithi ya karani wa stoo aliyekufa kwa uchoyo. Maneno yale hayakuwa uongo. Yalikuwa nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyokuwa ndugu yangu.

Usiku wa Jumamosi Bi Alawiya alikuja akakaa kizingitini pangu, hakutaka kuingia ndani. Hakutaka maji, hakutaka kiti. Alirudia neno moja tu: "Nalimwita ndoo, akenda kutwaa ndoo. Wamuyu, nalimwita ndoo, akenda kutwaa ndoo." Nilitaka kumfukuza. Ulimi ulikuwa tayari. Kisha nikakumbuka mikate ya mofa, nikakaa naye hapo chini mpaka adhana ya alfajiri. Simsamehe, na simlaumu, sijui hiyo inaitwaje kwa Kiswahili.

Bwana Ridhwani, wewe jana uliniletea ile ndoo mlangoni, umeisugua kwa mchanga inang'aa, ukaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna la kufanya. Lipo. Ukitoka hapa, pita kila kibaraza ulichoketi tangu Jumamosi, uwaambie nusu iliyobaki. Waambie, "Tulimwita, naye alikuwa anaitika." Usiongeze machozi, hayatanisaidia kitu. Na Jumamosi uje kijitoni, maana maji ya mafuriko yamefukia visima vyote na sahani haionyeshi ua wala ukingo wake. Watoto wa watu watakunywa yale. Nami nitakuwepo. Atakayecheka nitamtia matopeni kwa mikono yangu.

Marehemu ameacha mjane, Nerea Kwamboka, ambaye mnamwona hawezi kusimama. Ameacha mwana mmoja, Rufus, wa miaka miwili, ambaye tangu jana anaigonga ndoo ile kwa kijiko akimwita baba yake aje achukue. Hatujapata mtu wa kumnyang'anya. Ameacha dada, ndiye huyu anayesoma, na kaka wawili huko Othaya ambao simu ya kifo huenda haijawafikia. Ameacha mti wa kupimia uliovunjika, na majirani walio hai, wao na watoto wao, kwa sababu ya kazi yake.

Bi Alawiya ameniomba amwite mara moja kabla udongo haujatiwa, amtake radhi. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba neno lile asilitumie.

Nawe Mola, ambaye lugha zote ni zako, umhurumie ndugu yangu aliyeshindwa na lugha. Utakapomwita, usimwite kwa Kiamu. Mwambie "njoo", kwa Kiswahili cha bara, polepole, na malaika wako wasicheke. Na kama atasikia vibaya akageuka kutafuta cha kukuletea, tafadhali mngojee.

Alale kwa amani, mikono mitupu.